Tusajigwe, Aliyeshukurishwa

Je, msikilizaji wangu, wewe umewahi kusemewa?

Sisemi kusingiziwa. Kusingiziwa kumetupata wote. Nasema kusemewa. Upo hapo hapo, umesimama, akili zako timamu, una neno lako kifuani. Mwingine analisema kwa niaba yako. Na linalotoka siyo neno lako.

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Mwenye kumenya viazi aendelee kumenya, sie tunaomba masikio tu. Leo tunamkumbuka Tusajigwe, mwigizaji, mkazi wa Yombo, wilayani Temeke. Tusajigwe alikuwa kiziwi. Amefariki mwezi uliopita kwa maradhi ya moyo, akasafirishwa kwao Tukuyu, akazikwa kando ya baba yake. Narudia kwa mliochelewa kufungulia: Tusajigwe, mwigizaji kiziwi wa Yombo, ametutoka.

Nimesema kiziwi. Sikusema bubu. Neno bubu alilichukia, na ukilitamka mbele yake alikuwa analijua. Midomo inagongana mara mbili: bu, bu. Hata uwe upande wa pili wa barabara ataliona, atakukata jicho, na jicho la Tusajigwe, ndugu zangu, lilikuwa linauma kuliko tusi.

Alizaliwa akisikia. Baba yao alikuwa karani wa stoo, alihama kutoka Rungwe na mkewe na miche mitatu ya migomba ndani ya gunia lililoloweshwa, na migomba ile ipo mpaka leo nyuma ya nyumba pale Yombo. Tusajigwe alikuwa mdogo sana alipopata homa ya uti wa mgongo. Homa ikaondoka na masikio yake. Wazazi wakampeleka shule ya viziwi ya bweni, na kila likizo alirudi na maneno mapya mikononi. Aliyefundishwa maneno yale alikuwa mmoja tu. Ni mdogo wake, Sekela.

Mama yao alikuwa mwanamke wa heshima kupita kiasi. Kwao Kinyakyusa neno ndaga ni asante, ni pole, ni karibu, linafanya kazi zote hizo. Aliwaambia wanawe hivi: "Sie hapa mjini ni wageni. Mgeni hana neno jingine ila ndaga." Kisha akamgeukia Sekela. "Na wewe ndiye utakayemsemea dada yako. Msemee vizuri."

Sekela akamsemea vizuri. Tatizo likaanzia hapo.

Siku moja walitumwa sukari kwa Mzee Salumu, muuza duka. Tusajigwe alikuwa na macho ya kunguru. Akamwona mzee amekandamiza mzani kwa kidole gumba. Akamwambia Sekela kwa mikono, "Mwambie atoe kidole."

Sekela akatazama chini. Akasema, "Mzee, dada anasema shikamoo."

"Marahaba! Marahaba, mwanangu!" Mzee Salumu akafurahi. "Ona mtoto huyu. Hasikii, lakini ana adabu kuwashinda nyie mnaosikia." Akachomoa pipi mbili kwenye kopo, akampa.

Tusajigwe akaduwaa na pipi zake mkononi. Kwa muda mrefu, wasikilizaji, mtoto yule aliamini kwamba watu wa Dar wakikamatwa kwenye wizi hutoa pipi.

Tulicheka alipotusimulia hayo. Alitusimulia mwenyewe, na alipofika kwenye pipi alimgeuza Mzee Salumu pale pale kwenye kiti: kidole gumba, kitambi, kofia imeinamia sikio moja. Sie tuliokuwa hatujui alama hata moja tulimwona mzee mzima.

Hicho ndicho kilikuwa kipaji chake. Alipokua alifungua genge la supu ya utumbo Vingunguti, karibu na machinjio. Asubuhi wachinjaji wanakuja na mabuti yao, madalali wa ng'ombe, akina mama wa kununua kwato, kila mtu na ugomvi wake. Tusajigwe anakoroga supu huku anawatazama. Wakishaondoka, anawaigiza. Dalali anavyoapa huku anakonyeza. Mchinjaji anavyotembea kama anaogopa kivuli chake, halafu akimwona mkewe! Watu walikuwa wanakunywa supu wamesimama, wanacheka mpaka mchuzi unawatoka puani.

Hapo ndipo Mwalimu Apolinari alipomkuta. Mwalimu huyu ni kiongozi wa kikundi cha maigizo kiitwacho Tandabui, chenye ukumbi wake Mwananyamala, kule Kinondoni. Alikuja kunywa supu. Aliondoka na mwigizaji. Sekela, ambaye alikuwa fundi cherehani Tandika, alikuwepo asubuhi ile anasuuza bakuli.

"Huyu nani anamsemea?" Mwalimu akauliza.

"Mie, mdogo wake."

"Basi mje wote wawili."

Kumbukeni hilo neno, mje wote wawili. Kikundi hakikutafuta mkalimani wa lugha ya alama. Kilimpata bure. Na Sekela akaanza kufunga cherehani yake kila siku ya mazoezi.

Kazi ya kwanza aliyopewa Tusajigwe ilikuwa ya binti asiyesema, amefungiwa chumbani na baba wa kambo, mpaka kijana mwema anakuja kumwokoa. Alicheza vizuri. Wafadhili wa kikundi walilia. Picha yake ikawekwa kwenye bango la kikundi, amekunja mikono kama anaomba. Kazi ya pili, binti asiyesema, amepotea sokoni, askari mwema anamwokoa. Kazi ya tatu, mjane asiyesema. Naye akaokolewa. Miaka ikaenda. Tusajigwe anaokolewa tu.

Yeye alichokitaka kilikuwa kimoja. Wasikilizaji wapendwa, kishikeni hiki, ndicho kiini cha habari yetu. Tandabui walikuwa na mchezo wao mkubwa, Kijiko cha Mkwe, ambao waliuonyesha kila mwaka mwezi wa nane. Ndani yake yumo mama mkwe mkorofi, Bi Shuruti. Bi Shuruti anapima sukari ya mke wa mwanawe kwa kijiko. Anainusa sufuria kabla ya kula. Anafuta kiti kwa upindo wa khanga halafu anautazama ule upindo, anamtazama mkwewe, anautazama tena upindo. Maneno yake ni machache. Kazi yake kubwa ni macho na kijiko. Tusajigwe alitaka kuwa Bi Shuruti. Alichoka kuwa mwema. Alitaka na yeye watu wamwogope, wamcheke, wamzomee, kisha wampigie makofi.

Akamwambia Sekela kwa mikono, ukumbini, mbele ya watu wote: "Mwambie nataka Bi Shuruti. Nimechoka kuokolewa."

Sekela akamgeukia kiongozi. "Mwalimu, anashukuru sana. Anasema Mungu akuzidishie."

Mwalimu Apolinari akaweka kiganja kifuani. "Mwambie na sie tunamshukuru. Huyu ni wetu. Hapa hapungukiwi kitu."

Sekela akamgeukia dada yake. "Anasema subiri kidogo."

Hebu tulitazame pole pole. Yeye alipeleka ombi, juu ikafika shukrani. Kule juu ikatoka shukrani, chini ikafika subiri. Mwalimu akajua mwigizaji wake ameridhika. Mwigizaji akajua Mwalimu ameahidi. Katikati yupo mtu mmoja ambaye aliwapenda wote na hakutaka pafumuke ugomvi.

Sasa mtauliza, Tusajigwe hakuona? Macho ya kunguru yale? Aliona. Lakini jamani, fanyeni jambo moja. Mwenye kioo asimame mbele ya kioo. Sema bila sauti: anashukuru. Haya, sema: Shuruti. Umeona? Midomo inachongoka ile ile. Ka na ra na ta zinajificha ndani, kwenye ulimi, hazionekani. Shukuru na Shuruti ndani ya midomo ni ndugu wa tumbo moja. Mwisho zinaachana kidogo, lakini Sekela alikuwa na maneno ya haraka haraka. Kwa hiyo kila aliposema anashukuru, dada yake alikuwa anaitazama midomo yake na kufurahi. Ameniombea, anajiambia. Mdogo wangu ameniombea tena.

Halafu mwanamke aliyekuwa anacheza Bi Shuruti akaolewa Mwanza, nafasi ikawa wazi. Tusajigwe alinunua khanga mpya kwa ajili ya kazi hiyo. Alichonga kijiko cha mti mwenyewe, na mpini mrefu, ili hata wa viti vya nyuma wakione. Siku ya kugawa nafasi, Bi Shuruti akapewa Recho, msichana mwigizaji mzuri, hana kosa lolote katika habari hii. Tusajigwe akapewa jirani asiyesema.

Aliumia. Aliona Mwalimu amemdanganya. Akaacha kumwamkia. Mwalimu naye akawa anawaambia wenzake, "Sijui Tusajigwe kaingiwa na nini. Zamani alikuwa mtu wa shukrani!"

Mwaka ule ule, katika wiki ya watu wenye ulemavu, kikundi kikaalikwa kwenye kituo kimoja cha televisheni. Mtangazaji akamwangalia Sekela, akauliza, "Anajisikiaje kupewa nafasi kwenye sanaa?"

Tusajigwe akajibu kwa mikono, taratibu, ili kila kitu kionekane: "Nafasi gani? Kila mwaka naokolewa. Nimeomba Bi Shuruti wakanipa ahadi, wakampa mwingine. Naomba waniambie hapa hapa, mbele ya watu, kosa langu ni nini."

Sekela akatabasamu kwenye kamera. "Anashukuru sana kwa nafasi. Anawaambia walemavu wenzake wasikate tamaa."

Mtangazaji akapiga makofi. Kipande kile kikazunguka kwenye simu za watu.

Kikamfikia Fakihi. Fakihi ni fundi simu wa Tandika. Baba yake kiziwi, mama yake kiziwi, yeye anasikia. Lugha ya alama aliijua kabla ya Kiswahili. Leo yupo hapa studioni, amesimama mbele ya kamera ya simu, anawatafsiria viziwi kila ninachosema, wasije wakaambiwa kesho kwamba nilishukuru.

Fakihi alikitazama kile kipande, akakitazama tena, akafunga kibanda. Akaenda Vingunguti.

"Shikamoo dada," akaamkia kwa mikono.

"Marahaba. Unakula utumbo au mapafu?"

"Utumbo. Lakini kwanza nikuulize. Mbona wewe umesema kivyako, na mdogo wako kasema kivyake?"

"Kivipi?"

Fakihi akatoa simu. Akamwonyesha, huku anatafsiri sauti ya Sekela neno kwa neno. Tusajigwe akacheka. Alidhani ni utani wa vijana wa mjini. Fakihi hakucheka.

"Rudia," Tusajigwe akasema.

Akarudia.

"Neno hili, midomo inapochongoka hapa. Siyo Shuruti?"

"Hapana dada. Ni anashukuru."

Supu ikachemka ikamwagika kwenye mkaa. Mchinjaji mmoja akapiga kelele, "Dada, moto!" Kisha akakumbuka, akainuka akaipua mwenyewe. Tusajigwe alikuwa anatafuta kwenye simu yake vipande vyote vya zamani. Vya maonyesho. Vya mahojiano. Vya siku wafadhili walipokuja. Akampa Fakihi kimoja kimoja. Na kila kimoja Fakihi alirudisha mikono ile ile, mpaka mwisho akawa anaona haya kuirudisha. Anashukuru. Anashukuru sana. Anashukuru, Mungu awabariki.

Alipofika nyumbani Yombo, Sekela alikuwa uani anamenya ndizi.

"Nimekwambia uniombee Bi Shuruti," Tusajigwe akasema kwa mikono. "Uliniombea?"

Sekela akaweka kisu chini. Mikono yake ilikuwa na utomvu. "Wangekufukuza," akajibu. "Mie nawasikia, wewe huwasikii. Wanakupenda ukiwa unaomba. Ukidai, watasema mlemavu ana kiburi. Nilikulinda, dada."

"Mzee Salumu je? Yule wa mzani?"

Sekela akaanza kufuta utomvu kwenye khanga.

"Tangu pale?" Tusajigwe akauliza. "Tangu sukari?"

Sekela akaanza kueleza tena, mikono yake ikawa inakwenda mbio. Tusajigwe akafumba macho. Ndugu zangu, kiziwi akifumba macho, ndiyo ameziba masikio. Mama yao, mzee sasa, alitoka ndani akamkuta mmoja anapunga mikono hewani kama anafukuza nyuki na mwingine amesimama mbele yake, macho amefumba, machozi yanapita pembeni.

Mama alituambia hivi: "Wanangu hawajawahi kupigana hata utotoni. Siku ile niliona heri wangepigana."

Tangu hapo Tusajigwe hakumruhusu tena Sekela amsemee. Waliishi nyumba moja. Walikula sahani moja. Walifua pamoja. Lakini kusemewa, hapana. Alikwenda Mwananyamala na Fakihi.

Kwa mara ya kwanza Mwalimu Apolinari aliyasikia yote. Alikaa kwenye ukingo wa jukwaa.

"Lakini Tusa, mie sijakataa hata siku moja! Sijawahi kuombwa!"

Tusajigwe akamjibu, Fakihi akasema kwa sauti: "Miaka yote hiyo tumekula pamoja hapa. Hujui hata kuniambia karibu chakula. Sekela alinidanganya kwa sababu ulimwachia peke yake."

Recho akainuka, akaenda kwenye kapu la vifaa, akachukua khanga ya Bi Shuruti, akamfunga Tusajigwe kiunoni. "Cheza basi tuone, sista," akasema.

Akacheza. Alitoa kijiko chake kile cha mpini mrefu. Akafuta kiti. Akautazama upindo. Akamtazama Mwalimu, akautazama tena upindo. Mwalimu mwenyewe, kiongozi mzima, akajikuta anajifuta suruali.

"Mwezi wa nane," Mwalimu akasema huku anacheka. "Mwezi wa nane, Bi Shuruti ni wewe. Nakuahidi."

Safari hii ahadi ilikuwa ya kweli, na ilitafsiriwa kweli. Wakafanya mazoezi. Recho alimfundisha mapito ya jukwaa, na Tusajigwe alimfundisha Recho alama. Fakihi alisema alama ya kwanza Recho aliyoijua vizuri ilikuwa tusi.

Mwezi wa nane ulipokaribia, Mwalimu akamwita. Hakuweza kumwangalia. Alimwangalia Fakihi.

"Wafadhili wamekataa. Wanasema kiziwi akicheza mtu mbaya, watu watawachukia viziwi. Wanataka tuurudie ule wa binti aliyefungiwa."

Tusajigwe akauliza, "Recho akicheza mtu mbaya, watu wanawachukia akina nani?"

Fakihi akatafsiri. Mwalimu akasema, "Nivumilie."

Na hilo nalo Fakihi akalitafsiri kama lilivyo. Hapakuwa tena na mkalimani wa kulaumiwa. Aliambiwa sawasawa, akaelewa sawasawa. Alivua khanga, akaikunja, akaiweka juu ya kiti, akatoka. Nyumbani Sekela alimwona anavyoingia, akajua. Hakusema nilikwambia. Alimwekea maji ya kuoga.

Bango la kikundi lilibaki na picha yake. Lipo mpaka leo, mikono imekunjwa, na chini yake maandishi: Sanaa ni ya wote.

Lakini Bi Shuruti hakufa. Mteja mmoja wa supu, mwanamke wa kwato, alikuwa anamwoza binti yake Tandika. Akamwambia kwa ishara za kuungaunga, njoo kwenye kitchen party utuchekeshe. Tusajigwe akaja na khanga yake na kijiko chake. Ukumbi umejaa wanawake, bibi harusi amefunikwa, makungwi wamekaa. Akaingia mama mkwe. Akamzunguka bibi harusi. Akanusa zawadi za vyombo moja moja. Akatoa kijiko.

"Jamani, mama yake Hamisi huyo!" mmoja akapiga ukelele.

"Wa kwako huyo? Mie namwona wa kwangu mtupu!"

"Shoga, nishike, naanguka!"

Hapakuwa na wa kumsemea, na hapakuwa na aliyepitwa. Baada ya hapo alialikwa Mbagala, akaalikwa Segerea, akavuka mpaka Kimbiji. Wanawake hawakumwita kiziwi wala mlemavu. Walimwita Mkwe. Kwenye ukumbi wa Mwananyamala, ule mkubwa wenye taa na mapazia, Bi Shuruti hakumcheza hata mara moja. Nalisema hili ili lisipotee. Hakumcheza hata mara moja.

Moyo ulimwanza kwa kuvimba miguu. Alilazwa. Daktari alipokuja na majibu Fakihi hakuwepo, alikuwa safarini Mtwara kwa wakwe zake. Kando ya kitanda alikuwepo Sekela. Tusajigwe alimtazama mdogo wake muda mrefu. Kisha akamwitikia kwa kichwa: haya.

Daktari akamwambia Sekela, "Mweleze ndugu yako kwamba moyo umepanuka. Tutampa dawa, lakini hautarudi kama zamani."

Mama yao alikuwepo. Alituambia kwamba Sekela, huku anapunga mikono, alitamka pia kwa sauti ili na yeye mama asikie. Akasema: "Anasema moyo umepanuka. Watakupa dawa. Hautarudi kama zamani."

Tusajigwe akasoma yote. Akajibu. Sekela akamgeukia daktari.

"Daktari, anasema, mbona unaniangalia mie? Mgonjwa ni yeye."

Daktari akashtuka. Akavuta kiti, akakaa mbele ya Tusajigwe, akaanza upya. Na Tusajigwe, mama anasema, alimtazama mdogo wake akacheka, kicheko kile cha Vingunguti, mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Hakukaa sana baada ya hapo.

Msibani Yombo, kabla ya safari ya Tukuyu, watu walikuwa wengi. Wachinjaji walikuja na mabuti. Makungwi walikuja. Viziwi walijaa benchi mbili, Fakihi amesimama mbele yao. Mwalimu Apolinari akapewa nafasi ya kusema neno.

"Marehemu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli, "alikuwa mtu wa shukrani."

Fakihi akatafsiri. Kiziwi mmoja mzee akainua mkono, akauliza kitu. Fakihi akamtazama Sekela. Sekela akaitikia kwa kichwa. Basi Fakihi akasema kwa sauti, watu wote wakasikia:

"Mzee anasema, mwambieni huyu bwana amekosea msiba."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa mama yake Tusajigwe, kwa Sekela, kwa ukoo wote pale Yombo na kule Tukuyu. Ndaga fijo, poleni sana. Tunatoa pole kwa wateja wa supu, na kwa akina mama wa kitchen party waliobaki bila Mkwe. Na nyie wenye vikundi na kumbi, mnaotundika mabango, tunawaomba mjiulize. Yule msanii wenu kiziwi, au wa kiti cha magurudumu, au asiyeona, mnayesema ameridhika, mmelisikia hilo kwake? Au mmesikia kwa aliyeogopa kuwaudhi? Na huyo anayemsemea, mmemlipa nini? Mmempa mwenzake wa kupokezana? Mnajua alama ngapi? Msianze na hotuba. Anzeni na karibu chakula.

Juzi tulikwenda kumsalimu Sekela. Tulimkuta kwenye cherehani, anashona. Tulizungumza sana habari za marehemu. Tukaona haya, maana tulikuwa tumeuliza Tusajigwe alitaka nini, Mwalimu alitaka nini, mama alitaka nini. Yeye hatujamuuliza. Tukamuuliza.

Alisimamisha cherehani kwa kiganja. Akainua mikono, akaanza kwa alama kwanza, kama amesahau kwamba sie tunasikia. Kisha akasema kwa sauti:

"Mie? Nilitaka kuwa mdogo wake. Nigombane naye, aniombe khanga nimnyime. Nilitaka kuwa mdogo wake, siyo mdomo wake."